Breki Isiyokuwepo

Lami inapoishia, magari hulazwa.
Nayaona kila asubuhi nikifunga milango,
mamia chini ya paa la zege, pua kwa kisogo,
kama viatu vilivyovuliwa kizingitini.
Kisha treni inaota meno.
Gurudumu la katikati linaing'ata reli, kra, kra,
na bonde linaanza kuzama madirishani.

Jumanne ile ya Novemba nilikuwa na abiria wachache:
wanafunzi wawili na gitaa moja,
mtawa aliyelala mdomo wazi,
mwashi na ndoo zake,
na katika behewa la pili, upande wa mto,
mzee mwenye mabega mapana kama kabati
aliyenipa tiketi bila kunitazama.
Ya kwenda tu. Hakukata ya kurudi.

Kila kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu.
Nilidhani anafuata mapigo ya gitaa.
Lakini gitaa likanyamaza, na mguu haukunyamaza:
daraja la Rotbach, du;
mdomo wa handaki, du,
mkono nao ukatafuta gia
ukapata goti.
"Miaka thelathini na minane," alisema alipoona namwona,
"lori la ekseli tano, Basel hadi Genoa.
Nimestaafu. Mguu haujaambiwa."

Jina lilikuwa kwenye lebo ya sanduku: Odilo Zurniwen.
Sikumwambia kwamba nalijua,
kwamba dadake Kreszentia ndiye aliyenifundisha kuhesabu
kwa kokwa za aprikoti, darasani, karibu na jiko la mawe.
Mimi pia nilizaliwa huko juu.
Nyumba yetu sasa ni ya watu wa Frankfurt
ambao huifungua wiki mbili za Februari
na kuifunga tena, na ufunguo, na mapazia, na jina letu
lililochongwa juu ya mlango mwaka aliozaliwa babu.
Mpanda ngazi hushuka, ndivyo isemwavyo.
Mimi nalipwa mshahara kwa hilo, mara nane kwa siku,
na usiku nalala bondeni, juu ya duka la matairi.

Tulifika saa nane na dakika tisa.
Theluji ya kwanza, nyembamba, ya kujaribia.
Kreszentia alikuwa amekuja na mkokoteni wa kuni
kwa ajili ya sanduku.
Mabusu matatu. Hakuna aliyelia.
Kisha Odilo akasimama ukingoni mwa uwanja,
akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena kushoto.
"Unangoja nini?" dada akamuuliza. "Farasi?"
Kigari cha umeme cha hoteli kikapita na mashuka yake,
sauti yake haizidi ya nyuki aliyeingia gunia.
Kikaenda zake.

"Kitu kinaunguruma," Odilo akasema.
"Hapa hakuna kinachounguruma."
"Sikiliza."
Akasikiliza, mama wa watu, kichwa amekiinamisha
kama zamani akitusubiri tutaje saba mara nane.
Nami nikasikiliza, mkono kwenye mlango.
Maji chini ya barafu ya mtaro. Koleo mahali fulani.
Odilo akaligusa sikio lake, taratibu,
kama mtu anayepapasa boneti ajue kama bado ina moto.
"Basi ni mimi," akasema.
"Basi itazimika," akasema dada,
"ila usiingojee hapa, supu inapoa."

Wakapanda kichochoro, yeye akivuta mkokoteni,
dada nyuma, akisukuma kwa mkono mmoja
na mwingine ameuficha mfukoni.
Sikuona walipokata kona. Filimbi ni kazi yangu, na saa ilikuwa imefika.

Tulishuka watupu.
Nilisimama katikati ya behewa la pili
nikikusanya magazeti na ganda la chungwa,
mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli.
Handaki.
Mwanga.
Daraja la Rotbach likaja kwa kasi yake ya kila siku,
na mguu wangu wa kulia,
bila kuniuliza.